Viatu Mlangoni mwa Baa

Leo nimeua mtu. Sikumgusa, sikumtukana, hata shikamoo sikumpa. Niliitikia kwa kichwa tu, akafa.

(Yuko hai. Vero, tulia, usimwite baba yako na pingu zake.)

Naandika haraka kabla hamjasikia ya mtaani, maana ya mtaani saa hizi yameshafika sokoni na yanarudi yamezaa. Fatu na Vero, najua daftari hili mtalidai kesho asubuhi kama kawaida yetu. Basi haya ndiyo ya kweli, kutoka kwa muuaji mwenyewe.

Tulikwenda baa. Ndiyo, baa. Familia nzima. Mama na baibui lake.

Ngoja nieleze. Ile baa ya Mzee Chilumba, njia ya kwenda Nambambo, imeuzwa. Mzee miguu imemgomea mwaka mzima, mara kalazwa, mara karuhusiwa, mwishowe akahamia kwa mwanawe Mnero. Aliyenunua ni Bwana Nandonde, mtu wa Ruangwa, mfupi, anatembea kama anakwenda kuzima moto. Kapaka rangi, kaipa jina jipya, Kivulini. Wiki nzima tangazo limezunguka mji juu ya baiskeli yenye spika: "Uongozi mpya! Baba, njoo na mama! Mama, njoo na watoto! Bia zote ziko uani, mbele ni chakula na soda! Kivulini, mgahawa wa familia!"

Mama kila akisikia tangazo anafunga dirisha. "Baa ni baa," anasema. "Hata ukiivisha kanzu."

Sasa kwa nini tukaenda? Kwa sababu yangu mimi.

Mnaujua mkono wangu. Chati zote za baiolojia pale shuleni niliandika mimi, na jina la shule kwenye ubao wa matangazo ni mimi, ingawa sifa alipewa kiranja mkuu na mimi nikaona soo kusema. Tangu tumalize mtihani wa form four nimekaa nyumbani nasubiri matokeo, na Baba kaamua nikayasubirie kwa shangazi Liwale, nikajifunze cherehani. Mimi na cherehani! Mimi niliyeshona sare ya mdogo wangu Hawa nikafunga shimo la shingo! Nikamwandikia Baba kikaratasi (kusema nilishindwa) kwamba sitaki kushona, nataka kuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka.

Baba akakisoma. Akakikunja. Akasema, "Fundi wa vibao anaongea na wenye maduka, mwanangu. Wewe ukitumwa chumvi unaionyesha kwa kidole."

Ni kweli. Ndio ugonjwa wangu. Nikiulizwa jambo na mtu nisiyemzoea, ulimi unalala na kichwa kinajibu badala yake. Kinajibu ndiyo. Siku zote ni ndiyo. Hata kama swali sijalisikia.

Lakini juzi Baba akarudi kutoka kwenye kibanda chake cha baiskeli na habari. Bwana Nandonde anatafuta mtu wa kumwandikia kibao cha nje na ukuta mzima wa mbele. Baba akatoa hukumu: "Jumapili anafungua rasmi. Tutakwenda kula pale. Utamfuata mwenyewe, umwonyeshe kazi yako, umwombe kwa mdomo wako. Si wangu, wako. Akikupa, Liwale huendi. Asipokupa, basi lipo Jumatano."

Nikaandika karatasi ya manila usiku kucha. KARIBUNI KIVULINI. Herufi zina kivuli, kivuli kina mistari, ile K ya kwanza imekaa kama inakukaribisha kiti. Kazi bomba, nasema mwenyewe. Na nikafanya mazoezi mbele ya mtungi: "Shikamoo Bwana Nandonde, mimi naitwa Somoe, naomba kazi ya kibao." Mtungi ulinielewa vizuri sana.

Basi leo mchana tukaondoka. Baba mbele na suruali ya sikukuu, Mama nyuma kajifunika mpaka puani asitambulike (mji mzima unalijua baibui lile, lina kiraka cha kijani), mdogo wangu Hawa kashikwa mkono, mimi na manila yangu kama nimebeba mtoto mchanga. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lile tope letu jekundu mnalijua, ukipiga hatua tatu unakuwa mrefu.

Tukafika. Nje kwenye uwanja Bwana Nandonde kafunga turubai kubwa kwa ajili ya mvua. Chini ya turubai viti vya kukodi, vimepangwa mistari. Pembeni, juu ya mafiga, masufuria mawili ya pilau, yale makubwa ya kupikia kwa mwiko mrefu. Tafadhali yashikeni haya kichwani: turubai, viti vya kukodi, masufuria. Mimi sikuyashika, nikaponzeka.

Tukafika mlangoni. Ndani, jamani, vigae! Vyeupe! Vinang'aa mpaka unajiona meno. Sijui kama kuna nyumba nyingine hapa mjini yenye sakafu ile, labda ya mkuu wa wilaya. Mama akasimama ghafla kama kaona nyoka.

"Vueni viatu," akasema.

"Mama Somoe," Baba akasema kwa sauti ya chini, "huku ni mgahawani."

"Mgahawani ndio tukawachafulie sakafu? Wamepiga deki watu hawa. Mimi sikulelewa hivyo. Vueni."

Baba akamwangalia. Akavua. (Nyumbani kwetu Baba ndiye mkubwa, mpaka Mama aseme.) Na Mama asingeweza kuacha viatu ovyo, hata kwa mtu. Akavipanga. Vya wanaume kulia, vya wanawake kushoto, visigino ukutani.

Hilo pia lishikeni.

Tukakaa meza ya mlangoni kabisa, ili nimwone Bwana Nandonde akiingia. Akaja mhudumu, msichana kutoka Masasi, ndiyo siku yake ya kwanza, sketi bado ina mikunjo ya dukani. Akasema bosi hayupo, kaenda Mnero na pikapu kumfuata mgeni rasmi, atarudi muda si mrefu. Moyo wangu ukashuka, halafu ukafurahi, halafu ukashuka tena.

Kisha akaitazama miguu yetu mitupu. Akaniinamia mimi, kwa kuwa ndiye wa rika lake: "Dada, ni bosi kasema watu wavue?"

Kichwa changu kikasema ndiyo.

Akashtuka, maskini. Akaenda kuvua vyake.

Baada yetu ikaja familia ya yule bwana shamba wa kule Marambo, na mke na watoto wanne. Bwana shamba akasimama mlangoni, akaviona viatu, akanitazama: "Tunavua, eti?"

Kichwa: ndiyo.

Wakavua. Waliokuja nyuma yao hawakuuliza hata mtu, walifuata safu. Katika muda mfupi mlango wa Kivulini ulikuwa na viatu kulia, viatu kushoto, ndala, raba, makubazi, vimejipanga vizuri kama watu wanaosubiri zamu. Nikasema moyoni, ah, hakuna ubaya. Usafi tu.

Halafu umeme ukakatika.

Si ajabu kwetu, nani asiyejua. Lakini muziki ulikuwa unapiga kwa nguvu, ukafa katikati, na pakawa kimya. Watu wa heshima wakiwa ugenini bila muziki wanaongea kwa kunong'ona. Watoto wakatulizwa. Sasa jumlisheni wenyewe. Turubai. Viti vya kukodi. Masufuria ya pilau nje. Viatu vimepangwa mlangoni, vya kiume huku, vya kike kule. Ndani watu wamekaa kimya, pekupeku. Mtu mzima anayepita barabarani atafikiri nini? Uzinduzi?

Na aliyepita alikuwa Bi Tausi.

Fatu unamjua, ni jirani yenu wa nyuma, muuza vitumbua. Vero, kwa faida yako: Bi Tausi hajawahi kukosa msiba. Hata wa watu asiowajua. Akisikia kilio analiacha karai la mafuta motoni, na kanga ya kulilia anatembea nayo ndani ya kikapu.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeletewa pilau na kachumbari. Nikachota kachumbari kijiko kizima, ili kinywa kiwe na shughuli. Sikujua kwamba mpishi wa Ruangwa anakatia humo pilipili kichaa nzimanzima, na mbegu zake. Nikatafuna. Nikaona nyota mchana. Machozi yakatoka, makamasi yakatoka, pumzi ikagoma, na kutema nashindwa maana mke wa bwana shamba ananitazama. Nikafumba mdomo na kuinamia meza, mabega yanatikisika.

Hapo ndipo Bi Tausi alipochungulia mlangoni. Macho yake yakaenda kwenye viatu, yakaja kwangu. Akaishika kanga.

"Mwanangu," akaninong'oneza, akaniwekea mkono begani. "Usilie sana mwanangu. Ni mzee?"

Sikusikia vizuri. Masikio yalikuwa yanavuma moto. Kichwa kikajibu chenyewe. Ndiyo.

"Chilumba?"

Ndiyo.

"Leo?"

Ndiyo, ndiyo! (Nilitaka aondoke ninywe maji.)

Bi Tausi hakupiga kelele hapohapo. Ni mtu mzima, huwa anahakikisha kwanza. Akamgeukia mhudumu: "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Kaenda Mnero na gari," akasema yule msichana, "kamfuata mzee."

Basi. Gari limekwenda kumleta. Bi Tausi akaivuta kanga kichwani, akavua ndala zake, akazipanga upande wa kushoto, akakaa chini kwenye vile vigae, akaachia:

"Uwiii! Chilumba! Umetuachia nani, Chilumba!"

Mama akaangusha kijiko. "Chilumba amekufa?" akamuuliza Baba.

"Ndio kwanza nasikia," Baba akasema.

"Basi ndiyo maana wameweka turubai," Mama akasema, na palepale akashuka kitini akakaa chini karibu na Bi Tausi, akaanza kulia. Mama yangu! Aliyekuja na sisi! Aliyeagiza pilau!

Nikajaribu kusema. Naapa nilijaribu. Nikamvuta Baba shati, nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi na punje ya wali.

"Pole mwanangu," Baba akasema. "Najua. Alikuwa mzee mwema."

Kilio cha Bi Tausi kinasikika mpaka stendi. Wakaanza kuja. Kwanza wanawake, kanga mabegani, wanaingia mmoja mmoja wakivua viatu. "Poleni jamani. Poleni na msiba." Na wale wateja mezani, bwana shamba na wenzake, ambao hawakuwa na habari yoyote zaidi ya soda zao, wakajibu vile tulivyofundishwa tangu utotoni: "Tumeshapoa."

Tumeshapoa! Mmepoa nini nyie, si mmekuja kula!

Wanaume wakajaa chini ya turubai, kofia magotini. Walevi wa kule uani wakaja mbele wakiwa wameacha chupa zao, wanapangusa macho, wanasimulia jinsi marehemu alivyokuwa anawakopesha. Wanawake wa msiba nao hawangoji kuambiwa. Wakamnyang'anya mpishi mwiko. Mpishi akasema, "Hicho ni chakula cha biashara!" Akajibiwa, "Pole baba, kaa upumzike, na wewe umefiwa." Pilau likapakuliwa kwenye masinia, watu wakakaa wanne wanne. Tukaletewa na sisi sinia. Juu ya ile sahani ambayo tayari nilikuwa nayo.

Halafu wakaingia vijana wawili na majembe na sepetu.

"Poleni wazee. Kaburi tunachimba hapa au Mnero?"

Watu wakaanza kubishana. Wengine wakasema hapa, ndiko alikoishi. Wengine wakasema Mnero, kuna mwanawe. Bwana shamba, ambaye saa moja kabla alikuwa anauliza kama kuna chipsi, sasa alikuwa anaongoza kikao cha maziko.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimepata maji. Ulimi ulikuwa umerudi. Ningeweza kusimama na kusema, jamani, ilikuwa pilipili. Maneno matatu. Lakini ungesimamaje, Fatu? Akina mama thelathini wanalia. Mama yako mwenyewe analia. Kila dakika niliyokaa kimya ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, na kila nikimtazama Bi Tausi anazidi kunionea huruma. Nikaanza kuomba Mungu. Sikumwombea Mzee Chilumba uzima. Niliomba (nisameheni, ni daftari la ukweli) kwamba labda kweli alikuwa amekufa.

Pikapu ikaingia.

Bwana Nandonde akaruka chini. Kwanza uso ukang'aa. Watu wamejaa! Mpaka nje! Akina mama! Akafungua mikono kama anataka kukumbatia mji wote. Halafu akasikia kilio. Akayaona majembe. Mikono ikashuka.

"Nani amekufa?" akapiga kelele. "Kala nini? Ni pilau?"

Mzee mmoja akamshika mkono kwa heshima. "Pole sana bwana. Wewe mgeni, na mzigo huu umekuangukia wewe. Tupo pamoja."

"Mzigo gani?"

Lakini vijana wanne walikuwa wameshakwenda nyuma ya pikapu kupokea maiti. Wakakuta makreti ya soda na mkungu wa ndizi. Wakatazamana. Mmoja akainua ule mkungu akachungulia chini yake.

Ndipo mlango wa mbele wa gari ukafunguka, na Mzee Chilumba akashuka. Suti ya kijivu, fimbo mkononi, ua la plastiki kifuani. Mgeni rasmi.

Bi Tausi alikatisha jina la marehemu katikati. "Chilu..." akasema, akabaki na mdomo wazi.

Mzee akatazama kofia zilizovuliwa. Akatazama majembe.

"Nani amefariki?" akauliza.

Mwishowe yule mwenye sepetu akasema, kwa adabu sana, "Wewe, mzee."

"Mimi?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Lini?"

"Leo asubuhi, mzee."

Mzee Chilumba akafikiri kidogo. "Asubuhi nilikunywa uji," akasema.

Bi Tausi akapata sauti, na ilikuwa ya hasira. "Sasa mzee Chilumba, ungeshindwa nini kuleta hata salamu kwamba u mzima? Watu tumelia hapa mpaka koo zimekauka!"

"Na nani kasema nimekufa?"

Bi Tausi akanyoosha kidole. Nilikiona kinavyokuja. Kikapita bwana shamba, kikapita Baba, kikanifikia, kikasimama.

"Yule. Binti wa fundi baiskeli. Nilimuuliza mara tatu! Alikuwa analia makamasi yanamtoka!"

Mji wa Nachingwea ukageuka kunitazama. Wote. Na wa uani. Na wa kwenye turubai wakainama kuchungulia dirishani. Mimi ambaye darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni kwa ishara!

"Somoe," Baba akasema. "Ongea."

Nikasema neno langu la kwanza mbele ya watu wazima katika maisha yangu.

"Pilipili."

Bi Tausi akaishusha kanga kichwani.

"Pilipili gani?" akauliza Bwana Nandonde.

Nikanyoosha mkono kwenye sahani ya kachumbari.

"Na viatu? Nani kawaambia watu wavue viatu kwenye mgahawa wangu?"

"Mama."

Mama akajifunika uso wote. Kiraka cha kijani kikabaki kinatutazama.

Sasa cheko lililofuata sitaki kulieleza. Jueni tu kwamba mwenye sepetu alilala chini. Wale walevi walikumbatiana. Hawa, mdogo wangu wa damu, alicheka mpaka akapaliwa. Bi Tausi akaona kizunguzungu, kwa aibu au kwa kumwona maiti amesimama, akalegea ukutani, akina mama wakapiga kelele wapewe kitu cha kumpepea. Mmoja akanyakua kilichokuwa karibu.

Manila yangu.

Niliitazama ikipanda na kushuka juu ya uso wa Bi Tausi. Ikapata mkunjo katikati. Ikapata doa la kidole chenye pilau. Nikaona Liwale. Niliiona kabisa, cherehani ya shangazi na lile kanyagio lake linalolia kama mbuzi, na basi la Jumatano, na mimi ndani yake dirishani. Nikajua yamekwisha. Machozi yakanitoka tena, safari hii bila pilipili.

Bwana Nandonde alikuwa anazunguka mgahawa wake, mikono kichwani. Masufuria matupu. Vigae vyeupe vimekuwa vyekundu kwa nyayo za watu, maana miguu mitupu inabeba tope kama viatu tu, Mama hakulifikiria hilo. "Siku ya kwanza!" alikuwa anasema. "Siku yangu ya kwanza! Na nani atalipa? Kwenye msiba nani analipa?"

Mzee Chilumba alikuwa ameshakaa, kapewa sinia, anakula matanga yake mwenyewe kwa raha zake. "Nandonde," akasema, "acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu. Mimi nimekaa na baa hii miaka na miaka. Unajua ni akina mama wangapi waliwahi kuvuka mlango huu? Hakuna. Walikuwa wanapita upande ule wa barabara. Watazame sasa."

Bwana Nandonde akatazama. Kweli walikuwa wamejaa, na kanga zao, wamekaa wameegemea kuta, wanakula, wanacheka, mmoja anamnyonyesha mtoto chini ya picha ya chupa ya bia. Hakuna aliyekuwa anaondoka. Mmoja alikuwa anamuuliza mhudumu kama soda zinauzwa.

Kisha macho ya Bwana Nandonde yakakwama kwenye kile kinachompepea Bi Tausi.

"Simamisha hiyo," akasema. "Hiyo karatasi. Igeuze." Akasoma. Akakaribia, akaigusa ile K na kidole. "Nani kaandika?"

Shingo yangu ilishaanza kuinama.

"Usiitikie kwa kichwa!" Mama akafoka kutoka ndani ya baibui. Nadhani ndiye Mama pekee duniani aliyewahi kulisema hilo hadharani.

"Mimi," nikasema.

"Sikusikii."

"Mimi! Naitwa Somoe! Naomba kazi ya kibao! Shikamoo!" Yalitoka kinyumenyume, mtungi usingenitambua, lakini yalitoka, na kwa sauti kubwa mpaka nikajishtua.

"Wewe ndiye uliyemuua mgeni wangu rasmi?"

"Ndiyo."

"Unajua kuandika ukutani, si karatasini tu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Sijawahi. Nitajifunza."

Akanitazama, kisha akaitazama ile sakafu yake, kisha mlango, ambako bado watu wawili wapya walikuwa wanainama kuvua viatu huku wanafuta machozi, habari za ufufuo hazijawafikia.

"Kibao cha jina kitasubiri," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Kwanza niandikie cha mlangoni. Kesho asubuhi. Rangi ninayo, ubao ninao. Andika: INGIA NA VIATU. HAPA HAKUNA MSIBA."

"Na chini yake," Mzee Chilumba akasema na wali mdomoni, "CHILUMBA MZIMA."

Nikamtafuta Baba. Alikuwa nje, anatafuta kiatu chake cha kushoto, ambacho mwombolezaji mmoja alikuwa ameondoka nacho. Akarudi na kiatu kimoja na ndala moja ya Bi Tausi. Alikuwa amesikia yote. Hakutabasamu, Baba yangu hapotezi tabasamu ovyo. Akasema tu, "Jumatano nitampelekea shangazi barua. Aitafutie cherehani yake mtu mwingine."

Basi nimepata kazi. Ndiyo, nimepata! Ningekuwa naruka sasa hivi, lakini kila nikitaka kuruka nakumbuka "Chilumba?" na kichwa changu kinashuka kama jogoo anayedonoa, na natamani kuingia chini ya kitanda. Mama haongei na mimi. Mimi siongei na Mama. Hawa anaongea na sisi wote, neno ni moja tu, "pilipili", halafu anakimbia.

Nilimwomba Bwana Nandonde kitu kimoja, wakati tunaondoka. Mafundi wa vibao huweka jina lao chini kwenye kona. Nikamwomba mimi nisiweke.

"Utaweka," akasema. "Na kwa herufi kubwa. Watu wakija kuuliza msiba umekwenda wapi, wajue wa kumuuliza."

Kwa hiyo mkipita njia ya Nambambo kesho, mtakiona. Na mimi mtaniona, juu ya ngazi, pekupeku, rangi bado mbichi, mkono mmoja umeishika ngazi. Nawaomba, wenzangu, someni kimyakimya mpite zenu. Nikiwa pale juu siwezi kukimbia.